Yaya Mwamvua Mbele ya Mkwe Wake

Yaya Mwamvua, dada yangu mkubwa, hakuwa mtu wa kuogopa bunduki. Wakati ule wa rebelio, vita vya waasi, askari wa kizuizi cha barabarani alipotaka kujichotea ndagala, dagaa wa kuuza, kwenye beseni lake, alimchapa mkono kama anachapa mtoto. "Ebu toa hiyo mikono michafu!" Minye nilikuwa nimeshajificha nyuma ya ukuta. Mtaa wetu wote wa Kimanga walimjua kwa mdomo wake.

Kitu kimoja tu kilimtetemesha: ugonjwa uliomuua mama yetu. Mama alioza akiwa hai, kule Luberizi, katika chumba cha nyuma, na majirani walipita wameshika pua. Hatukujua kwamba ni kansa ya mlango wa kizazi. Watu walisema karogwa, na sisi tukakubali, wajinga sisi.

Basi kituo cha afya cha mtaani kilipotangaza kwamba wanawake wanapimwa ugonjwa huo kwa kupakwa siki ndani, siki ile ile ya kutilia saladi, na penye ugonjwa unaoanza panageuka peupe, nikamwambia twende. Hakuna kukatwa, wala kungojea majibu kutoka Bukavu na barabara yenyewe imefungwa. Akakubali upesi. Kisha akauliza ni nani anayepaka.

"Aziza."

"Aziza gani?"

"Acha mchezo, yaya. Mkwe wako, mke wa mwanao. Ni yeye tu aliyefundishwa."

Loo! Alinitukana mpaka nikatafuta viatu vyangu. Mkwe akuone uchi? Utakula vipi chakula chake tena? Alininunia siku nyingi. Lakini mama alikuwa anamjia ndotoni, na asubuhi moja akaja kunigongea. "Twende kabla sijaghairi."

Umeme haukuwako, nikapewa tochi nishike. Yaya alilala amejifunika uso kwa kitenge, jasho linamtoka. Aziza naye alikuwa anaongea na ukuta kuliko na mama mkwe wake. Akaweka chuma cha kufungulia njia ya uzazi, akapaka siki kwa pamba. "Sasa tungoje kidogo, mama. Dakika moja."

Ndipo risasi zikalia upande wa mlimani. Wanawake waliokuwa wanangoja nje wakapiga mayowe, benchi likaanguka, wote wakatawanyika. Nilitaka kuitupa ile tochi nikimbie, kweli kabisa.

"Mulika!" Aziza akanikaripia, minye niliye mama mdogo wa mumewe! Nikamulika. Doa lilikuwa pale, jeupe, dogo kama ukucha. Nikamwona mama yangu mzima mzima kwenye lile doa.

"Mama, iko," Aziza akamwambia yaya. "Inaonekana haijawa kansa, lakini tukiiacha itaweza kuwa. Gesi ya kuigandisha ife iko hapa. Nifanye sasa?"

Risasi zilikuwa zinakaribia. Yaya akajifunua uso kwa mara ya kwanza. "Weye kimbia, mwanangu. Uko na mtoto wa kunyonya nyumbani. Tutarudi siku ingine."

"Siku gani, mama? Kesho nitajua nani yuko hai? Tulia, usijitingishe."

Chupa ya gesi ikafoka, nikadhani tumelipuliwa. Baridi ile ilimfanya yaya aume kitenge. Aziza hakuinuka. Aligandisha, akaacha iyeyuke, akagandisha tena, machozi yanamtiririka, maana huko risasi zilikolia ndiko kulikokuwa na mtoto wake. Yaya akanyoosha mkono akamshika kichwa, yeye uchi vilevile, akamshika hivyo mpaka mwisho.

Tulipotoka, barabara ilikuwa tupu na moshi ulipanda upande wa kwao. Aziza akaanza kukimbia. Kugeuka, akamwona mama mkwe wake anakuja mbio nyuma yake, viatu mkononi.

"Mama, usikimbie, utatoka damu!"

"Itoke!" yaya akamjibu, akampita.