Daudi Aliyevaa Suti

Jamani, asubuhi hii nimemtumia Upendo voice note. Nimeongea dakika nzima, nimecheka, nimemuuliza watoto leo wanasoma nini, nikatuma. Ndipo nikakumbuka kwamba jana tumemzika.

Akili inakataa, na mimi naiacha ikatae. Ila sikuja kulia hapa. Nimekuja kumtangaza rafiki yangu, kwa sababu nilimwambia atashindwa na ameshinda.

Kwa msiomjua: Upendo, Mama Atu, tulifanya naye kazi ward moja hospitalini miaka sita. Siku moja kwenye break akaniambia anabaki na shift za weekend tu. Katikati ya wiki atawasomesha wanawe mwenyewe, nyumbani kwao Peckham, huku ughaibuni. Hesabu, sayansi, kuandika, na kila asubuhi kwanza Biblia. Kwa Kiswahili.

Nikamwambia, "Kiswahili? Watoto wa hapa hapa? Upendo, homeschool yenyewe mzigo, bado unajiongezea!"

Sababu alikuwa nayo. Kila Jumapili mama yake alipiga simu kutoka Tukuyu. Atu anasema, "Hi Bibi, I'm fine," mdogo wake Gwakisa anapunga mkono, wote wawili mbio chumbani. Bibi anabaki anauliza, "Wanasemaje hawa?"

Ilimuuma sana. Neno la Mungu alifundishwa na mama yake, jikoni, na alitaka mama huyo alisikie kutoka kwa wajukuu zake akiwa bado hai. Wote tulidhani bibi ndiye atakayetangulia.

Basi darasa likaanza, kwenye meza ile ile ya chai. Nilienda siku ya kwanza kabisa, nikiwa off, nikitaka kuona kichekesho.

Nilikipata! Alisimulia kwamba Daudi, kabla hajawa mfalme, alikuwa mchungaji. Akawaambia wamchore. Atu, miaka sita wakati huo, akachora mwanamume wa suti na tai nyekundu, ana kipara, ameshika maikrofoni. Mbele yake kondoo wamekaa kwenye viti, mistari mitatu.

"That's Pastor," akasema. "And that's the church."

Kipara kilikuwa cha mchungaji wetu kweli, hata yeye mwenyewe alipoonyeshwa alijitambua. Upendo alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Mimi nikapata pa kusemea. "Si unaona? Neno moja tu limeshawachanganya. Wafundishe kwa Kiingereza, yaishe."

Akajifuta machozi, akaubandika ule mchoro kwenye friji. "Hajakosea, Suzi. Amefika nusu ya njia."

Wiki iliyofuata akawapandisha basi kwenda city farm, shamba la mifugo la mjini, wakaona kondoo wa kweli, wakamwona na mtu anayewalisha. Alivaa gumboots. Atu akamkagua kuanzia chini mpaka juu, akamwambia mama yake, "So he's a mchungaji, but the other one."

Huyo ndiye Upendo. Hadithi hakuisoma tu, aliwaingiza ndani yake. Siku ya Esau alinunua dengu madukani Kingsbury, akazipika asubuhi na mapema, akawanyima chai mpaka wamalize somo. Atu, mzaliwa wa kwanza, njaa ikamshinda. Akamuuzia Gwakisa siti yake ya mbele, ile ya juu kwenye basi la ghorofa, kwa bakuli moja. Mpaka leo siti ni ya Gwakisa. Hakuna rufaa.

Siku ya Yeriko waliizunguka block yao ya ghorofa mara saba, wakipiga kelele na vifuniko vya sufuria. Jirani akatoa kichwa dirishani kuuliza kama lift imeharibika tena. Gwakisa alilia kwa sababu block haikuanguka.

Nilicheka, lakini niliendelea kusema yale yale. Watoto walikuwa wakisikia kila kitu na kujibu Kiingereza. Mwaka wa kwanza, wa pili. "Unajichosha," nilimwambia. Yeye anacheka, anawafungulia ukurasa.

Alipougua, darasa lilihamia kitandani. Mara ya mwisho nilipomtembelea alinipa daftari la masomo, ameweka alama walipoishia. "Chukua handover, sister. Mgonjwa anaendelea vizuri." Ndivyo tunavyokabidhiana wagonjwa shift ikiisha; mgonjwa alimaanisha darasa.

Sasa nawaambia ya jana.

Kanisa limejaa. Mimi nimeshika simu juu, bibi yuko kwenye video kutoka Tukuyu. Mchungaji amefungua Biblia aisome ile zaburi ya kondoo, "Bwana ndiye mchungaji wangu." Atu akanyanyuka, miaka tisa sasa, akamvuta koti. "Can I do it?"

Akasimama mbele bila kitabu. Akaisema yote, mwanzo mpaka mwisho, Kiswahili kilichonyooka, sauti ile ile ya mama yake. Hakuruka neno. Gwakisa alikuwa anamfuata kwa midomo, maneno yote anayo.

Alipomaliza akamgeukia mchungaji wetu, na bado kwa Kiswahili: "Mchungaji wa hapo si wewe. Ni yule mwenye kondoo."

Kanisa zima tulicheka! Kwenye msiba! Tulicheka na kulia, na mchungaji mwenyewe akashika kipara chake akisema amina, amina.

Na kutoka mkononi mwangu nikasikia sauti ya bibi: "Nimesikia, mjukuu wangu. Leo nimesikia yote."

Hakuuliza wanasemaje.

Upendo, mimi Suzi nilikosea, na nakubali mbele ya watu wote hawa. Nimeongea na Baba Atu, siku zangu za off zote ni za ile meza. Daftari ninalo, alama nimeiona. Mchoro wa suti bado uko kwenye friji na hautoki.

Handover nimepokea. Lala unono, mwalimu, umemaliza shift yako.