Safari ya Kumtafutia Mbwa Nyasi

Zamani nilikuwa utingo wa lori la mizigo, Dar kuja huku Kigali. Lori lilikuwa limezeeka, na dereva wetu, Mzee Shabani, hakulizima mchana hata akishuka kula. "Nikilizima, utalisukuma wewe," alinambia. Asubuhi alilipasha moto taratibu, akilibembeleza kama mgonjwa, ndipo tuipande milima ya Ngara. Ngara palikuwa na mama mmoja, wali wake... basi, tuuache wali.

Shabani nimemkumbuka kwa sababu ya mbwa wangu, Kahawa. Kazeeka, nyonga zimeshikwa na baridi yabisi, ikawa kuamka mkekani ni kazi. Daktari wa mifugo akasema, "Atembee kidogo kila siku, pahali laini. Akilala tu, miguu itakaza moja kwa moja." Laini wapi? Kwa binti yangu Koleta hapa Kabeza ni saruji tupu, na nyasi za barabarani Kigali ni za kutazama. Koleta naye akasema, "Baba, akishindwa kusimama, itabidi achomwe sindano ya mwisho." Nikaona bora tutoke tukazitafute nyasi.

Kabeza, Jumapili asubuhi. Nilimkanda nyonga kwa taulo la maji ya moto hadi akalegea, nikapitisha kitenge chini ya tumbo, nikavuta ncha zote mbili juu. Akanyanyuka.

"Baba! Hicho kitenge nimekivaa mara moja tu!"

Nikajifanya sisikii. Uziwi wa uzee una faida zake.

Barabarani. Siku hiyo magari yamezuiwa, watu wanakimbia mazoezi. Mama muuza parachichi akanicheka: "Muzehe, na huyo umbwa anaenda harusi?"

"Bwana harusi ndiye huyu!"

Kila kivuli tulipumzika, maji kidogo, twende. Kumbe mteremko humuumiza kuliko mlima, sikujua. Tukateremka kwa kupindapinda kama walevi.

Kicukiro. Jua limeshapanda. Kando ya ofisi moja iliyofungwa, nikaona nyasi kivulini, fupi, zina umande bado. Nikaachia kitenge. Kahawa akayumba, akasimama. Akanusa, akapiga hatua, akapiga nyingine, mwenyewe. Mkia ukaanza kucheza.

"Muzehe! Hapo hapana kukanyaga!" Mlinzi huyo, anakuja na rungu.

"Mimi natoka, bwana. Huyu mwache kidogo, miguu inamuuma."

Akasimama, akamtazama Kahawa anavyojikokota. "Iko muzee?"

"Kwa hesabu za mbwa, kanipita mimi."

"Mama yangu anatembea hivyo hivyo," akasema polepole. Halafu kazi ikamrudia, akakunja uso. "Mungoje hapa! Musitoke! Naenda kuita shefu, mukubwa wa hapa."

"Tutangoja."

Akaenda, hakugeuka nyuma, akakata kona ya jengo. Tukangoja kwa utii, Kahawa akizunguka zile nyasi hadi akachoka, akalala chali, miguu yote juu. Tukarudi nyumbani mlinzi hajaonekana.

Amri ni amri. Kila Jumapili tunakwenda kumngoja. Mpaka leo hajarudi.