Uji wa Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hakunipenda, nami sikumpenda, na katika hilo tu tulielewana. Nilikuwa nimezaa mabinti watupu. Kila jioni ng'ombe wakirudi zizini alisema, kwa sauti ya kunifikia jikoni, kwamba mahari aliyonitolea ilipotea bure, na kwamba mwanawe aoe mwingine kabla hajazeeka. Kwetu Usukumani mwanamke hamjibu baba mkwe, hakai karibu naye, hamtazami usoni. Nilimchukia kimyakimya, maana hilo halikukatazwa.

Alipougua zilikuwa enzi za ruksa, wanunuzi binafsi wa pamba wameanza kuingia na malori yao. Mume wangu na wadogo zake walikuwa barabarani siku nyingi wakitafuta bei. Mama mkwe alikwisha fariki. Tumbo la mzee lilipovimba likawa gumu, akawa anatapika maji ya kijani, wa kumpeleka hospitali ya Bariadi nilibaki mimi. Tulipanda lori la pamba, yeye amelala juu ya magunia, mimi nimempa mgongo safari nzima.

Daktari alisema utumbo umejisokota, akampasua siku hiyohiyo. Kesho yake nesi wa wodi, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alinipa maelekezo. Mgonjwa asipewe kitu mdomoni, hata tone la maji, mpaka utumbo uamke. Na alama ya utumbo kuamka ni kutoa hewa kwa chini.

"Akishatoa hewa nitakwambia, ndipo umpikie uji," alisema, mbele ya mzee, mbele ya wodi nzima. "Mwepesi, uuchuje kwa kitambaa. Sio kabla."

Niliinamisha uso. Siku hizo kila mgonjwa alipikiwa na ndugu zake kwenye mafiga ya uani, na ndugu wa huyu nilikuwa mimi. Nesi hakujua alichokifanya. Kuanzia hapo bakuli la uji mkononi mwangu lingekuwa tangazo kwamba baba mkwe amejamba na mkwewe ameambiwa. Katika wodi ile walikuwamo watu wa Meatu, wa kwetu kabisa.

Alikuwa na mpira puani wa kuvuta uchafu wa tumboni, na dripu mkononi. Mhudumu wa kiume alimwosha na kumgeuza. Mimi nilimwaga maji ya mpira, nikafua mashuka, nikakaa kwenye mkeka nimeelekea ukuta. Kila asubuhi nesi alimuuliza kama ametoa hewa, naye alijibu, "Bado, mayu," akimwita mama kwa Kisukuma. Mashavu yakaingia ndani. Macho yakawa yanafuata ugali wa jirani kutoka kwenye sahani mpaka mdomoni.

Alikuwa anadanganya. Mchana mmoja wodi ikiwa imetulia nilimsikia, na haikuwa mara moja. Nilikaza macho ukutani kama mtu aliyezaliwa kiziwi. Yeye akakohoa, lakini kikohozi kilikuja kimechelewa. Asubuhi nesi alipouliza, akajibu lile lile.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, baba," nesi akamwambia.

"Bado, mayu."

Daktari alipopita akambonyeza tumbo, akanung'unika. Alisema huenda utumbo umeziba tena, na kama ni hivyo itabidi afunguliwe mara ya pili. Alisema wazi kwamba mwili ule umekonda mno, na anaweza asiamke. Kisha akanigeukia, kwa kuwa mtu mzima mwingine wa familia hakuwepo, akaniuliza tunakubali au hatukubali.

Naomba nisisingiziwe wema. Sikumhurumia. Nilichofikiria ni maneno ya kijijini: mwanamke asiye na mtoto wa kiume, aliyesemwa na mkwewe kila jioni, leo mkwe kamfia mikononi. Nimeona wanawake wakiitwa wachawi na kukimbia miji yao kwa maneno mepesi kuliko hayo. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Alikuwa ananitikisia kichwa, polepole, nisiseme. Alikuwa radhi apasuliwe, afe, na msiba wote aniachie mimi. Hasira ilinipanda.

"Amejamba," nilisema. "Jana mchana, na leo asubuhi. Nimesikia kwa masikio yangu."

Mzee alivuta shuka akajifunika kichwa kama maiti. Daktari akaniuliza mbona sikusema mapema, nikamwambia amuulize aliyejifunika. Nesi hakucheka. Alimfunua shuka, akampa maji kijiko kimoja kimoja, na tumbo lilipoyapokea akaniagiza uji. Nilipouleta mzee akageuzia uso pembeni.

"Fungua mdomo," nesi alimwambia. "Aibu haishibishi."

Akanywa kutoka mkononi mwa nesi, macho ameyafumba. Nilikoroga uji ule siku zote alizobaki pale, kwanza mwepesi, kisha wa maziwa, na hakuna siku aliyoupokea kutoka kwangu.

Tuliporudi nyumbani aliita kikao cha ukoo. Wazee walisema nimemvua nguo baba mkwe mbele za watu. Hakuna aliyesema kwamba amepona. Baba yangu mzazi aliambiwa alete mbuzi wa kumsafisha baba mkwe, akaja naye kwa miguu, mzee wa watu, na aibu isiyo yake. Mume wangu alikuwepo. Alichunguza kucha zake.

Mbuzi alichinjwa, na wa kumpika nikawa mimi. Baba mkwe alikula, akamtuma binti yangu kuongeza nyama, akala tena. Nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko nikamsikia akibeua kwa shibe, nikajisemea kwamba na hilo nalo, nikiulizwa, nitalisema.