Jibini ya Karatu ilivyonipeleka kwa wasimamizi wa ndoa

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Ninayoandika hapa yamenikuta mimi mwenyewe. Mke wangu hayumo humu jukwaani, kwa hiyo sina wa kumwogopa wala sababu ya kuwadanganya.

Mimi ni fundi wa magari ya utalii. Gereji iko Karatu mjini, nyumbani ni Rhotia. Mke wangu, Mama Glori, anasifika kijiji kizima kwa mtindi. Anaugandisha kwenye kibuyu alichopewa na mama yake, anakifukiza mwenyewe, na hata katekista akipita anajifanya ana kiu.

Tangu tuoane, nikirudi jioni nakuta kikombe changu mezani kimeshajaa.

Sasa siku moja dereva mmoja wa watalii akaniomba nimchukulie mzigo kwenye duka jipya, lipo uchochoroni nyuma ya stendi. Nikakuta wanauza jibini tu. Wakuu, duka zima! Madonge ya mviringo yamepangwa kwenye rafu kama matairi kule kwangu gereji.

Dada wa dukani akachoma kipande kwenye kijiti akanipa.

"Onja kaka, kuonja ni bure."

Hapo ndipo shetani aliponikamata. Kile kitu kina chumvi, kina mafuta, kinamung'unyika halafu kinayeyuka. Hata mzigo niliotumwa niliusahau.

Nikaanza kupita pale kila nikifunga gereji. Nikisema leo sipiti, miguu inakata kona yenyewe. Jumamosi nilikuwa nanawa grisi hadi kwenye viwiko, nanyoa ndevu, navaa shati la kanisani, maana niliona aibu kusimama mle ndani na ovaroli. Nanunua kipande, nakimaliza chote nyuma ya bodaboda, halafu natafuna bigijii kuua harufu.

Mtauliza kwa nini sikupeleka nyumbani. Uchoyo tu wakuu, tusipambe.

Tatizo likawa kile kikombe. Nafika nimeshiba, mtindi naugusa kidogo, nasema tumbo linasumbua. Mama Glori akawa ananitazama tu.

Jioni moja akanisogelea, akaninusa mdomo, akaniuliza kwa upole ulionitisha kabisa:

"Baba Glori, haya maziwa si ya hapa kwangu. Nani anakupa?"

Mwanamke wa huku anajua harufu ya maziwa ya nyumba yake, huwezi kumzuga kwa bigijii. Na ukijumlisha shati la kanisani na ndevu, ningekuwa yeye hata mimi ningejifukuza.

Nikapata kigugumizi. Ndiyo nikaharibu zaidi.

Kesho yake akawaita wasimamizi wetu wa ndoa. Walipofika, begi lake lilikuwa limeshasimama mlangoni. Niliogopa kweli. Nampenda yule mama, jamani.

Msimamizi wangu, kaka Boay, ni mfugaji wa Kansay, mtu serious sana. Nikamweleza ukweli wote, kwamba hakuna mwanamke, ni maziwa tu yaliyogandishwa mpaka yakawa magumu.

Akanitazama kwa huruma.

"Bwana fundi, nimefuga ng'ombe maisha yangu yote. Hakuna mwanaume anayenyoa ndevu kwa ajili ya maziwa."

Ikaamuliwa twende wote dukani tukaone. Kuingia tu, yule dada akaniona, tabasamu hadi masikioni:

"Kaka, leo umechelewa! Nimekufichia kile kitu chako."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Glori akaanza kukaza kanga kiunoni.

Kaka Boay akamwambia yule dada, "Hebu kitoe tukione."

Akakitoa. Kaka Boay akaonja. Akaomba kipande kingine. Mkewe akamfinya.

Mama Glori alionja wa mwisho. Alitafuna taratibu, macho kanikazia, halafu machozi yakaanza kumtoka.

"Angekuwa mwanamke ningejua pa kuanzia. Sasa hiki nitakigombezaje? Na ulikuwa unakula peke yako, mimi nakugandishia kila siku."

Afadhali angenipiga. Niliomba msamaha pale pale mbele ya rafu, wateja wakitazama.

Hukumu ikatoka: nimalize kikombe kwanza, mbele ya macho yake, na jibini isiliwe njiani, iletwe mezani. Begi likarudi chumbani.

Nilichojifunza ni kwamba ukipata kitamu, fika nacho nyumbani. Ukirudi umeshiba bila maelezo, watu watajaza maelezo wenyewe, na yao yatakuwa mabaya kuliko yako.

Ningeishia hapo, ila kuna jambo. Jumamosi iliyopita Mama Glori alikwenda Karatu kununua sabuni. Alivaa gauni la kanisani.

Aliporudi nikammiminia mtindi wake mwenyewe. Akaugusa kidogo, akasema tumbo linamsumbua.

Wenye uzoefu na ndoa nisaidieni: niwaite wasimamizi, au nimnuse kwanza?