Mstari Mwekundu Uliohamia kwenye Rangi

Katika miaka ile ya kufukuzana mimi nilikuwa karani wa mipango katika karakana ya pompa, Kolwezi. Kazi yangu ilikuwa kuchora. Kila pompa kubwa ilipofunguliwa kwa matengenezo, niliandika kazi zote kwenye karatasi moja pana, nikaonyesha ipi inasubiri ipi, kisha nikahesabu siku. Kazi nyingi zina nafasi: ukizilaza siku mbili, hakuna atakayejua. Lakini kuna mnyororo mmoja usio na nafasi hata kidogo. Kazi moja ndani yake ikichelewa siku moja, pompa nzima inachelewa siku moja. Mnyororo huo niliuchora kwa kalamu nyekundu, na nilijivuna nao kama padri anavyojivunia mnara wa kanisa.

Mwaka ule tulikuwa na pompa ya kuondoa maji katika shimo la mgodi liitwalo Mashamba. Mstari mwekundu ulipita kwa mtu mmoja: fundi wa kusawazisha, yule anayepanga mhimili wa pompa na wa mota mpaka iwe kama kitu kimoja. Kazi hiyo ilihitaji siku sita. Fundi mwenyewe alizaliwa hapahapa Kolwezi, akabatizwa hapa, akaoa hapa, lakini babu yake alitoka Kasai. Hilo lilitosha. Katanga nzima watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa warudi kwao, na mjini walikuwa wameanza kuitwa bilulu, wadudu, na waliowaita hivyo walikuwa majirani zao wa juzi, waliokuwa wakiwaazima chumvi.

Shefu wetu wa zamani, naye wa Kasai, alifukuzwa kwanza. Mpya alikuja na sifa moja isiyopingika: alikuwa mwana wa nchi. Asubuhi ya kwanza alisimama mbele ya karatasi yangu, mikono nyuma.

“Nani alisema hii mustari ipite kwa ule mutu?”

“Ni hesabu, tata shefu,” nikajibu, nikimwita baba kwa heshima.

“Hesabu ya wapi? Ya Kasai?”

Watu wa biro, ofisi yetu, walicheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, tena kwa sauti.

“Utafuta ingine njia,” akasema. “Kazi ya bana-nchi haiwezi kungojea kilulu.”

Nilijaribu kumweleza kwamba mstari hautafutwi kama nyumba ya kupanga. Unajitokeza wenyewe kutoka kwenye siku za kila kazi. Akanitazama kwa upole wa kutisha. “Basi badirisha siku.”

Nikabadilisha. Mimi mtoto wa kaskazini ya Katanga, mwenye mke na kazi ya kulinda, nilichukua kifutio nikafuta sita, nikaandika moja. Na hesabu, ambayo haina aibu, ikatii. Mstari mwekundu ukaruka kutoka kwa mhimili ukaenda kutua kwenye kazi ndefu iliyobaki: kupaka rangi vyuma vya ngazi.

Usicheke bado. Shefu aliamini karatasi yangu kuliko katekista anavyoamini misale. Kwa kuwa rangi sasa ndiyo ilishika mradi mzima, gari mbili zilitumwa kutafuta rangi, moja mpaka Tenke. Mafundi wa umeme waliondolewa kwenye nyaya wakapewa brashi. Kila asubuhi shefu aliuliza, “Ngazi imefika wapi?” na sisi tukajibu kwa uzito, kama watu wanaoripoti hali ya mgonjwa. Wakati huo fundi wa kusawazisha alipewa barua ya kuondoka, na kazi yake akapewa binamu wa shefu, aliyewahi kutengeneza baiskeli Musonoi. Alimaliza kwa siku moja, kama karatasi ilivyosema.

Tukawasha pompa siku iliyopangwa, mbele ya wageni wenye tai. Ngazi ziling'aa kwa manjano. Pompa ikatetemeka, ikalia kama mbuzi, na kabla hotuba haijafika katikati mhimili ukakatika. Kipande kimoja kiligonga ngazi. Rangi haikubanduka, ilipakwa vizuri sana.

Mvua zilikuwa zimeanza na maji yalipanda shimoni. Shefu akaniita, akafunga mlango.

“Nenda gare. Umuombe ule tata arudie, siku sita tu. Umuambie kwa heshima.”

Gare, kituo cha treni, ilikuwa imegeuka mji. Familia zilikuwa zimekaa hapo wiki nyingi zikingoja mabehewa, chini ya mabati na mashuka, na nyuma ya ukuta makaburi madogo yalikuwa yameanza kuongezeka. Nilimkuta fundi amekalia sanduku lake la vyombo. Mkewe alikuwa akipepeta unga wenye mchanga. Nilitoa ujumbe wangu wote bila kuinua macho.

Mkewe ndiye aliyejibu kwanza. “Balitufukuza sababu tuko bilulu. Sasa kilulu kirudie kutengeneza?”

Fundi alimtuliza kwa mkono. “Mwana, kwa karatasi yako uliandika siku ngapi kwa kazi yangu?”

“Moja, tata.”

“Nani alikutuma uandike?”

Ningeweza kusema shefu. “Ni mukono yangu,” nikasema.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma. “Mi nilikuwa natembeza batu ku biro, nabaambia: ona, hata karatasi inajua kazi yangu.” Kisha akasimama, akafunga sanduku. “Uambie shefu yako apake rangi tena.”

Treni yao ilikuja siku nne baadaye, mabehewa ya wazi. Nilikwenda kusaidia kupakia mizigo. Mkewe alinikabidhi magunia. Fundi alinishika mkono, ila hakunitazama.

Shimo lilijaa. Katika ripoti shefu alilaumu mvua, akapandishwa cheo. Mimi ndiye niliyechora mchoro wa ripoti hiyo, na mvua niliiwekea rangi nyekundu.