Simu Kwenye Tundu la Hita

Shughuli nzima ilinigharimu shilingi elfu kumi na mbili za holda ya simu, pamoja na magunia sita ya dagaa wa Kasanga yaliyochukuliwa na mnunuzi mwingine wakati simu yangu imezima. Nimehesabu mara mbili. Kilichoniuma ni dagaa. Holda niliipata kwa bei nzuri.

Holda yangu ya kwanza ilikuwa ile ya mpira unaonyonya kioo cha mbele. Mwezi wa saba huku Ufipa kioo kinaamka kimeloa kama mgongo wa chura, na mpira ukawa unaachia bila taarifa. Jumapili moja simu ilidondoka miguuni kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye kila wiki nampeleka Kaengesa kanisani.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo tunavyotaniana, "umeanza kunirushia vitu, na mahari yenyewe hujamaliza?"

Jumatatu nikaingia mjini Sumbawanga, kwenye duka moja la vifaa vya magari. Muuzaji, kijana wa rika langu, akanipangia aina tatu mezani, zote za kupachika kwenye tundu la hewa. Moja ya sumaku, moja ya kubana kama kibanio cha nguo, na moja ya ndoano yenye skrubu nyuma. Mimi kitu nisichokijua lazima nikiguse. Nikabana, nikakaza, nikalegeza. Ile ya ndoano ndiyo iliyoniingia moyoni, kwa hiyo nikaanza kuiponda.

"Hii plastiki au biskuti?"

"Elfu kumi na nane, mshikaji. Haianguki hata uende nayo Kasanga na kurudi."

"Wewe umeenda nayo?"

"Mimi nauza. Kwenda ni kazi yako."

"Basi tutoke nje tuijaribu."

Nikaipachika garini, nikaipiga dashibodi ngumi mbili. Haikutikisika.

"Kaka, umekuja kununua au kupigana?"

"Nimekuja na elfu kumi."

Tukaachana kwenye kumi na mbili. Nikiwa nasubiri chenji nikaichunguza picha ya kwenye boksi. Mwanamke mwenye mabega wazi anaendesha, na matundu yote ya gari lake yanatoa mishale ya bluu. Hewa ya baridi! Nikacheka peke yangu. Aliyechora lile boksi hajawahi kuamka Ufipa mwezi wa saba. Huku tundu la hewa ni jiko.

Gari langu lina matundu manne. La kulia kabisa linafukuza ukungu kwenye kioo cha dirisha langu, nikilifunga sioni saiti mira. La kushoto kabisa lilivunjika kabla sijalinunua gari. Yanabaki mawili ya kati, na hayo nilidhani ni yangu mpaka nilipopachika holda kwenye moja. Kumbe yana mwenyewe. Bibi huwa anayanyooshea mikono, kila mkono na tundu lake, tangu nyumbani mpaka kanisani, na miaka yote hiyo nilidhani anapenda tu joto.

Bibi ndiye anayeongoza rozari ya kina mama kabla ya misa. Vidole vyake vimevimba kwenye maungio, na vikipata baridi havisogezi punje. Jumapili ile ya kwanza ya holda mpya alifika na mkono mmoja wa moto na mwingine wa barafu. Fumbo la pili akasali Salamu Maria kumi na mbili badala ya kumi. La tatu nane. Kina mama wakaanza kukohoa. Baada ya misa mwenyekiti wao akamwambia kwa upole kwamba baridi ikizidi, kuna mama mwingine anaweza kumpokea kuongoza.

Njia nzima ya kurudi bibi alikubali kila nilichosema. Huyu ni mtu anayebishana na mbuzi.

Jumapili iliyofuata, kabla ya kuondoka, nikampa glavu. Akazitazama. "Rozari haishikwi kwa soksi."

"Basi leo nang'oa holda."

"Na watu wako wa Kasanga wakipiga?" Anajua kwamba boti za dagaa zikifika asubuhi, anayepokea simu ndiye anayepata mzigo. "Iache. Mkono mmoja utatosha."

Usingetosha, nilijua, na yeye alijua. Tukaondoka. Katikati ya safari simu ikaandika kwamba imezidiwa na joto, kisha ikazima. Nikaichomoa, ilikuwa ya moto kama kiazi kilichotoka jivuni.

"Shika, bibi. Imepata homa."

Akaipokea kwa viganja viwili. Akaigeuza upande wa pili. Tulipofika nikanyoosha mkono nirudishiwe, nikakuta ameshaiviringisha kwenye kitenge na anafungua mlango. Hapo nikaelewa kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: joto la hita linaishia mlangoni mwa gari, na kanisani ni baridi vilevile. Hili la simu alikuwa anaingia nalo.

Nikakaa benchi la nyuma nikihesabu kwa vidole. Kumi. Kumi. Nikarudia kuhesabu, kumi. Mafumbo yote matano, hakuna aliyekohoa. Mwenyekiti mwenyewe aliitikia kwa sauti.

Nje nikaiwasha simu. Ujumbe wa Kasanga: "Bosi hupatikani, mzigo nimempa mwingine."

"Jumapili ijayo uiweke mapema," bibi akasema, "ishike moto vizuri."

"Bibi, hii ni simu ya biashara."

"Na mimi si mke wa mfanyabiashara?"

Nimejaribu kuweka simu mbovu badala yake, ile ndogo ya plastiki. Inapoa kabla hajapiga ishara ya msalaba. Jiwe bapa limeteleza, holda haikulibana. Kwa hiyo nakuuliza wewe unayeendesha gari kwenye baridi. Simu inavumilia homa ya namna hii kwa muda gani kabla ya kufa kabisa? Na kuna kitu gani kingine kinachoingia kwenye holda, kinachotunza joto mpaka fumbo la tano, na ambacho mama mzee anaweza kukishika mbele za Mungu bila aibu? Niambie kabla ya Jumapili. Ila usipige asubuhi hiyo.