Masale Katika Picha Zangu za Kwanza

Baba mdogo hakuwahi kusifia picha zangu. Nilipokuwa msichana wa shule kule mlimani alizitazama mara moja tu, akauliza kama yule niliyemchora ni mtu au ni gunia. Kwa hiyo mwaka juzi alipoteremka mjini mpaka kwangu Pasua na mkungu wa ndizi na chupa ya maziwa, akaketi kwenye kochi na kusema kwamba tangu utotoni nilikuwa na kipaji kikubwa, nilijua kuna jambo.

Siku hizi katuni ndiyo kazi inayonilisha. Nachorea magazeti, vitabu vya watoto, na mabango ya kliniki. Kazi hizo zilikuwa zimebandikwa ukutani mbele yake, hakuzitupia hata jicho. Alizitaka zile za mwanzo kabisa, nilizochora nyuma ya kalenda za zamani, kisa cha mbuzi mwizi aliyewasumbua watu wa kihamba chetu, yaani shamba la migomba la ukoo. Alisema anataka wajukuu zake wazione. Nilimuuliza wajukuu gani, maana wote wako Dar na mkubwa wao alikuwa bado hajaanza kutembea. Akasema watakua.

Nilimjibu kwamba picha ziko kwa mama. Akanywa chai yake haraka, akaaga.

Jumamosi nilipanda mlimani mwenyewe. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, na kabla sijamaliza kueleza alishaelewa. Shemeji yake alikuwa ameshakuja mara mbili kuulizia karatasi hizo, na mara zote mbili alimwambia nimezichukua mimi. Kisha akazitoa kabatini na kuzificha stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hakuipenda sauti yake. Ilikuwa ya upole mno.

Nikakaa kwenye benchi la jikoni nikazisoma zote. Nilikuwa sijazigusa kwa miaka mingi, na niliona aibu kama vile kuna mtu anachungulia begani kwangu. Watu wote walikuwa na sura moja, wanaume kwa wanawake. Maneno yalijaa mpaka yakatoka nje ya fremu, na ukiyasoma kwa kufuata mpangilio wake, jibu lilitangulia swali. Halafu nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa. Kila mtu alisimama nyuma ya masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mpakani. Kihambani kulikuwa na masale, na hapo hakuna ubaya. Lakini yalikuwepo pia barabarani, kwenye mlango wa kanisa, na hata ndani ya darasa, mbele ya ubao.

Nilikumbuka sababu. Miguu ya watu ilinishinda. Kila niliyochora ilitoka kama mihogo miwili, na wenzangu shuleni walinicheka. Siku moja nikachora kichaka cha masale mbele ya miguu ya mtu, nikapata amani. Tangu hapo sikumchora mtu miguu.

Mama alipoona nacheka peke yangu, ndipo akanieleza. Baba mdogo alikuwa anagombania mpaka na jirani yetu, bibi mmoja mjane. Masale ya mpakani yaling'olewa miaka ile ya kuchimbia mabomba ya maji, na hakuna aliyeyarudishia. Sasa baba mdogo alidai yalikuwa ng'ambo ya mfongo, yaani ule mfereji wa kumwagilia, na kwamba ile migomba ya ukingoni ni yake. Bibi alisema yalikuwa upande huu. Wiki iliyofuata wazee wangekaa pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Na baba mdogo alikumbuka kwamba kuna mtoto aliyewahi kupachora mahali pale.

Nilikwenda kwake jioni ileile. Nikamweleza habari ya miguu, na kwamba picha zile haziwezi kumsaidia. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akinitazama usoni.

"Amekupa nini yule bibi?" aliuliza.

"Hajanipa kitu, baba mdogo. Nilikuwa sijui kuchora miguu."

"Mtoto wa shule habuni masale," alisema. "Mtoto anachora anachokiona."

Maneno hayo yalinisumbua kwa sababu ya karatasi moja. Katika karatasi hiyo mbuzi yuko peke yake ng'ambo ya mfongo, anatafuna ndizi, na nyuma yake kuna mstari wa masale. Miguu ya mbuzi haikuwahi kunishinda, na pale imeonekana yote minne. Hapakuwa na kitu cha kuficha. Basi masale yale niliyachora ya nini? Nilijaribu kukumbuka nilikaa wapi siku ile, nikashindwa. Huenda niliyaona. Huenda pia mkono ulishayazoea.

Siku ya kikao nilikwenda na karatasi zote. Nilimwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye mfuko wangu. Mwenyekiti alizipitisha picha kwa wazee. Mzee mmoja wa kanisa alipofika kwenye ile ya mlango wa kanisa, aliuliza masale hayo yalikuwa pale lini, maana yeye ameufungua mlango ule tangu ujana wake. Wengine wakacheka. Nikaeleza habari ya miguu, kisha nikaiweka ile ya mbuzi juu ya nyingine.

"Hii sijui," nilisema.

"Hujui nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Sijui kama niliyaona au niliyaweka tu."

Bibi alisema nimefundishwa na baba yangu mdogo niseme hivyo. Baba mdogo alisema bibi ameshaninunua. Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile, kwamba mimi si wa kuaminika.

Wazee waliziweka picha kando, wakaagiza majembe. Ng'ambo ya mfongo walipata udongo mtupu. Upande huu, pale alipoonyesha bibi, walikuta mizizi minene iliyozeeka, imefuatana kwenye mstari. Mwenyekiti akaamua mpaka upite hapo, na masale mapya yakapandwa kabla watu hawajaondoka. Baba mdogo alinong'ona kwamba udongo ulikuwa laini mno, kwamba mizizi ile ilizikwa juzi. Mimi niliiona ikikatika ndani ya ardhi ngumu, lakini nilijikuta nimeinama kuitazama mara ya pili.

Jioni, nikimsaidia mama kufunga mlango wa stoo, nilimwambia sitawahi kujua masale yalikuwa wapi hasa. Mama alisema yeye anapakumbuka vizuri tu. Ameolewa hapa akiwa binti, amekata majani ya ng'ombe kwenye mpaka ule miaka yote.

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Nakuuliza mimi. Yalikuwa wapi?"

Akanitazama kama anayepima mtu asiyemfahamu vizuri. "Wewe unarudi Pasua kesho," alisema. "Mimi naishi hapa na wote wawili." Kisha akachukua ndoo akaenda kukamua.